Bega la Nyumba Yetu

Mwalimu wenu alinitaka nije nisimame mbele yenu siku ya wazazi, niwaeleze nilivyopata kuwa daktari. Nilimkatalia. Tangu utoto sijui kusema mbele za watu. Macho yakiwa mengi, ulimi wangu unakuwa kama umefungwa kwa kamba ya mgomba. Kuandika naweza. Nilipokuwa na umri wenu niliandika kila jioni, na mambo niliyoona haya kumwambia mtu niliyaambia karatasi. Basi nikamwambia mwalimu: nitawaandikia, nawe uwasomee, ila usiruke mstari.

Mstari wa kwanza ni huu: sijawahi kuwa daktari. Hata siku moja. Najua hapa Keza ukimuuliza mtoto anayechunga mbuzi "kwa Daktari ni wapi?" atakuonyesha mlango wangu. Mimi nilikuwa mhudumu wa zahanati. Nilifagia, nilichemsha vyombo, nilifunga vidonda, nilichoma sindano, nilizalisha, nikastaafu. Hilo jina la Daktari nilipewa na kijiji, na kijiji hakijawahi kunipa kitu kilichoniuma kama hicho.

Lakini tuanze na sindano, maana najua vijana mnapenda habari za sindano, ilimradi anayechomwa ni mwingine.

Ninyi mmezaliwa mkakuta sindano za plastiki: choma, tupa. Sisi tulikuwa na mabomba ya kioo. Bomba moja lilichoma kijiji kizima, likachemshwa, likachoma tena. Aliyenifundisha ni Bwana Mganga Sospeter, mganga msaidizi aliyeletwa na serikali zahanati yetu ilipofunguliwa. Mtu mrefu, mpole, hakujua kugomba. Akikasirika alipiga chafya. Mimi wakati wa likizo nilikuwa nashinda pale dirishani kwake mpaka akachoka kunifukuza, akanipa kazi.

Siku ya kwanza nilisubiri maji yatokote vizuri, nikayatumbukiza mabomba. Pa! Pa! Vioo vikapasuka kama bisi. Bwana Mganga akapiga chafya, akapiga nyingine, nikajua leo nimekwisha. Kisha akasema, "Kadia, kioo ni kama mgonjwa. Humtoi kwenye baridi ukamtupa motoni. Muweke kwenye maji baridi, umfunike kitambaa, halafu wapashe moto wote wawili polepole."

Akanionyesha kwamba kila bomba lina mchi wake wa kusukumia dawa. Ukibadilisha, dawa inavujia mkononi mwako. Akanionyesha kunoa sindano butu kwenye jiwe laini, kisha kuipitisha kwenye pamba. Ikitoka na nyuzi za pamba, ncha imejikunja, itamrarua mtu; noa tena. Na usimwambie mgonjwa "usiogope," kwani hapo ndipo anapokumbuka kuogopa. Muulize habari za mbuzi wake. Akianza kukuambia mbuzi amezaa mapacha, choma.

Mambo hayo hayakufundishwa ili niwe mhudumu. Bwana Mganga alikuwa akiniambia, "Shika haya, ukifika chuo cha udaktari utawacheka wenzio." Nami niliamini.

*

Sasa niwaambie nilikoutoa huo udaktari.

Kabla ya vijiji vya ujamaa tulikaa mlimani, kila nyumba ndani ya migomba yake. Kila kilima kilikuwa na ingobyi yake. Ninyi hamjaiona. Ni machela iliyosukwa kama tenga refu, ina miti miwili, inabebwa mabegani na wanaume wanne, na wengine wanafuata nyuma wakipokezana. Mtu akizidiwa, mmoja anapiga kelele kutoka mlangoni, wanaume wanaacha majembe, wanakuja. Hakuna aliyeulizwa wewe ni nani. Mjane alibebwa, mlevi alibebwa, hata mchawi alibebwa, ingawa wabebaji wake walitembea haraka zaidi.

Baba yangu alipovimba tumbo walimbeba kwenda hospitali ya misheni, milima na mabonde. Mimi nilikuwa mdogo, nikapewa kibuyu cha maji, nikafuata nyuma. Nilitazama migongo ya wale wanaume jasho likishuka. Waliimba, wakataniana, mmoja akamwambia baba, "Ukipona, pombe ya ndizi utakayotupa tutaibeba kwa ingobyi hii hii!" Baba akacheka. Tulipovuka bonde la pili hakucheka tena. Walimweka chini, wakamtazama, wakavua kofia. Aliyekuwa mbele akaniambia, "Kunywa hayo maji, mwanangu. Baba hayahitaji tena."

Mtoto ana hesabu yake. Mimi sikusema "Mungu kamtaka." Nilisema daktari yuko mbali. Angekaa hapa kilimani kwetu, ingobyi ingetundikwa darini, buibui wakajenga. Basi nitakuwa mimi. Niliwaambia wale wabebaji siku ya matanga, sijui ujasiri niliutoa wapi. Wakacheka machozi yakiwatoka. "Haya, Daktari Kadia! Utupumzishe mabega!"

Ndivyo jina lilivyoanza. Utani wa matanga.

*

Kisha tukaambiwa tuhamie kijijini. Migomba tuliiacha mlimani ikizaa bila wa kuikata, tukapangwa kando ya barabara, nyumba kwa mstari, watu wa vilima vitatu wamechanganywa kama maharage ya sokoni. Sisemi yote yalikuwa mabaya. Shule tuliipata hapo. Zahanati tuliipata hapo. Bila kijiji nisingemwona Bwana Mganga Sospeter, na huenda nisingejua hata kusoma. Hilo nalisema ili msije mkadhani bibi anatukana tu.

Lakini ingobyi iliharibika. Miti yake ilikuwa mizima. Kilichoharibika ni watu. Wa kilima hiki walisema hawawezi kumbeba wa kilima kile, hawajui kama na wao watabebwa. Siku moja mama mjamzito alikaa mlangoni tangu asubuhi, wanaume wanabishana ni zamu ya nani. Basi mwenyekiti wa kijiji, Mzee Balthazari, akaweka sheria: kila nyumba itoe bega moja. Nyumba yenye bega itabebwa. Nyumba isiyo na bega itafute. Kila mkutano alituambia ujamaa ni undugu, na undugu wenyewe tukaugawa kwa mabega.

Bega la nyumba yetu lilikuwa la kaka yangu Melkiori. Mabega mapana, hana maneno. Mama alikuwa mjane, mimi msichana. Tukawa salama.

Nilifaulu, nikaenda sekondari ya wasichana, mbali, unapanda basi hadi Biharamulo unalala, kisha unaendelea. Nilikuwa nimemaliza kidato cha pili, niko nyumbani likizo, vita vilipopamba moto. Lori likaja kuchukua mgambo. Melkiori akapanda. Bwana Mganga Sospeter naye akapanda, maana jeshi lilitaka watu wa dawa. Akanipa ufunguo wa zahanati kupitia dirisha la lori. "Nishikie mpaka nirudi. Usimchome mtu penisilini bila kumuuliza kama ilishawahi kumdhuru." Kisha akapiga chafya. Sijui alimkasirikia nani.

*

Haikupita muda mama akaumwa paja. Lilianza kama kukaza kwa msuli, likavimba, likawa gumu na moto, homa ikapanda mpaka akawa anamwita baba. Nilijua ni usaha, uko ndani kabisa, chini ya nyama. Nilijua pia kwamba hiyo si kazi ya zahanati. Ni ya kisu na ya daktari wa misheni. Nikakimbia kwa Mzee Balthazari. Wabebaji waliobaki walikuwa wamekaa kwenye ua wake wanasikiliza redio ya vita.

"Shikamooni."

"Marahaba, binti. Mama vipi?"

"Amezidiwa. Naomba ingobyi."

Mzee Balthazari akawatazama wenzake. Aliyejibu ni Gervasi, ndiye aliyetangulia mbele ya ingobyi siku zote, mtu mwenye mdomo kama panga.

"Bega la nyumba yenu liko wapi?"

"Liko vitani, baba."

"Basi nduli aliyekwenda kumpiga ndiye ambebe mama yako!"

Wakacheka. Gervasi hakucheka. Akasema, "Usinitazame hivyo, mwanangu. Nyumba ngapi hapa zimetoa bega kwenda vitani? Tukizibeba zote sisi vizee, nani atatubeba sisi? Jana tumetoka misheni, juzi tumetoka misheni. Tazama." Akavuta shati. Bega lilikuwa limechubuka mpaka nyama.

Alikuwa na haki, na mama alikuwa anakufa.

Hapo ndipo niliposema neno la ujasiri kuliko yote katika maisha yangu. Nilisema, "Nitabeba mimi."

Kicheko kikaja, si cha utani.

"Wewe? Mwanamke chini ya ingobyi?"

"Nipeni upande wa nyuma. Nina nguvu. Maji nabeba, kuni nabeba, na mwenye kubebwa ni mama yangu."

"Mgonjwa akifa njiani, tuseme nini? Kwamba alibebwa na sketi?" alisema mmoja.

"Mwiko," akasema mwingine, akatema mate.

Mzee Balthazari akainua mkono. Sitaki mfikiri alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye kupata mawazo mazuri, na hao wakati mwingine ni wabaya zaidi. Alisema, "Ngojeni. Ufunguo wa zahanati si anao huyu? Watu wanakuja pale wanakuta mlango umefungwa, wanarudi na homa zao. Basi akae afungue. Tuhesabu zahanati ndiyo bega la nyumba yao. Siku zote atakazofungua, nyumba yao imebeba, mpaka Sospeter arudi."

Aliyeuliza swali nililopaswa kuuliza mimi alikuwa Gervasi. "Na shule?"

"Shule haikimbii," akasema Mzee Balthazari. "Na anakwenda shule kutafuta nini? Si udaktari? Tangu matanga ya baba yake anausema. Kijiji kinampa leo, bila mtihani!"

Safari hii kicheko kilikuwa kizuri, cha watu waliopata njia. Wakasimama, wakajifunga vitambaa mabegani. Mmoja akainama kama anayemsalimu mkubwa wa serikali. "Haya, Daktari, tumchukue mama yako saa ngapi?"

Nikasema, "Sasa hivi."

*

Mama alipasuliwa, usaha ukajaa beseni, akapona. Aliishi hadi akawaona wajukuu wa Melkiori wakitembea. Kwa hiyo msiniambie nilidhulumiwa bure. Nilijua ninachonunua. Sikujua tu kwamba nitaendelea kukilipia.

Nilifungua zahanati kama nilivyoahidi. Siku za mwanzo wazima walikuja wengi kuliko wagonjwa, kutazama msichana anayevaa koti la Bwana Mganga lililomfika miguuni. Dawa ya maji ya kikohozi ilikuwa kwenye dumu, kila mtu alikuja na chupa yake. Mama mmoja alileta chupa ya mafuta ya taa, hakuiosha, kesho yake akarudi kulalamika kwamba dawa ya binti ina moto. Mzee mwingine aliumwa kichwa na mguu, akataka sindano mbili, moja ya juu na moja ya chini. Nilimweleza damu inazunguka. Akasema, "Yangu imezeeka, haifiki." Nilimchoma dawa nusu tako hili, nusu tako lile. Akaondoka akinisifu: huyu msichana anajua kuliko Sospeter!

Nilicheka. Nilikuwa mtoto, nilipenda kusifiwa. Usiku nikaandika: *Leo wameniita Daktari mara nyingi. Inapendeza.* Mstari huo nikiukumbuka natamani kumshika yule msichana mabega, nimtikise.

Siku ya kurudi shule sanduku langu la bati lilikuwa tayari, mama alishalifunga kwa kamba kabla hajaugua. Basi lilipita nikiwa nimeshika mtoto wa jirani aliyeunguzwa na uji, nampaka dawa ya zambarau. Nililisikia likibadilisha gia kwenye kona. Yule mtoto akaacha kulia, akanitazama, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nalia.

*

Vita vikaisha. Melkiori akarudi, mzima wa mwili, maneno yakiwa machache kuliko zamani. Sikusubiri hata apumzike. Nilikwenda kwa Mzee Balthazari nikaweka ufunguo mezani. "Baba, bega la nyumba yetu limerudi."

"Limerudi, tunamshukuru Mungu," akasema. "Ila Sospeter hakurudi. Wamempeleka hospitali ya mjini. Shika ufunguo, Daktari, kidogo tu."

Nilimwachia Melkiori ule ufunguo, nikapanda basi bila ruhusa ya mtu. Pori la Biharamulo nililipita nikiwa nimelikumbatia sanduku kama mtoto. Mkuu wa shule alinipokea vizuri, akaniketisha, akanipa chai. Alikuwa na furaha kuniona, na furaha hiyo ndiyo iliyoniua.

"Tulipata habari zako!" alisema. "Mwenyekiti wenu alimwambia afisa elimu kwamba umekwisha ajiriwa, unatibu kijiji kizima. Tuliwasomea wenzako asubuhi kwenye gwaride, wakakupigia makofi. Nafasi yako tumempa msichana mwingine, maskini, naye alikuwa anaitaka sana."

Nilikunywa chai. Nilisema asante. Mnaona? Mtu mwingine angelia, angepiga magoti, angelala mlangoni mpaka wamtafutie dawati. Mimi nilisema asante, nikauliza basi la kurudi.

Mzee Balthazari nilipomuuliza hakuficha. Alishangaa. "Nilikusifia, mwanangu! Nilimwambia yule mkubwa kijiji chetu kina daktari wake mwenyewe, tumemlea sisi." Na macho yake yalikuwa ya baba. Hapo ndipo nilipojua mtu anaweza kukuzika huku anakupigia makofi.

Mama naye aliniita Daktari nyumbani, mbele ya wageni, kwa fahari. Siku moja tunamenya ndizi, akasema taratibu, bila kunitazama: "Ungekuwa mvulana, ungenibeba siku ile moja, ukaenda zako." Nikaweka kisu chini, nikatoka nje, nikakoka moto wa kuchemshia mabomba, ingawa zahanati ilikuwa imefungwa siku hiyo.

Baadaye serikali ilituita Biharamulo, kozi fupi ya wahudumu. Mkufunzi aliniuliza nimefika darasa gani, nikamwambia. Akasema, "Kidato cha pili, na unaelewa hivi, mbona uko hapa na mafagio?" Darasa zima likageuka. Niliinamia daftari langu. Hakuuliza tena, na mimi nimelijibu swali lake kichwani miaka yote hii, kila nikifagia.

Mzee Balthazari nilimuuguza mimi mwisho wake. Ingobyi haikuwepo tena, bodaboda hazijaja bado, tulikuwa katikati hapo, hatuna kitu. Nilikuwa namchoma sindano kitandani kwake. Akaniambia, "Daktari, unaona tulivyokuchagulia vizuri?"

Nikamwambia, "Geuka upande, baba. Mbuzi wako wamezaa?"

*

Mwalimu anasema kumbukumbu za kazi huwa na mausia. Haya. Chemsha chombo polepole. Noa sindano, ijaribu kwenye pamba. Na wewe binti unayetaka kuwa daktari, najua uko hapo, kila mwaka hamkosi: kijiji kikianza kukuita jina hilo kabla hujalisomea, usiitike. Watakuita kwa upendo, nawe nyamaza. Waambie unaitwa jina alilokupa mama yako. Mtu aliyekwisha itwa daktari, nani atampeleka shule?

Mwezi uliopita goti lilinikaza, kijana wa bodaboda akanipeleka hospitali. Tuliikuta njia ile ile tuliyompitisha baba, imepanuliwa. Daktari alikuwa msichana, mdogo sana, kipimo shingoni, kucha zimekatwa vizuri. Nilizitazama zile kucha. Kijana wa bodaboda, mdomo haumkai, akamwambia, "Dokta, mtibu vizuri huyu. Huyu ndiye daktari wetu wa Keza."

Yule binti akasimama. Akanishika mkono kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama tunavyofundisha watoto. "Shikamoo, Daktari! Kumbe ni mwenzangu. Mama, ulisoma chuo gani?"

Uso wake ulikuwa wazi, anasubiri, anataka kweli kujua.

Nikamwambia, "Marahaba, mwanangu. Ni goti. Linaniuma nikipanda mlima."